Mkate Uliofika na Mkate Usiofika

Masomo: Mathayo 6:25-34, Matendo 11:27-30, Wafilipi 4:10-20

Mwenye Biblia aifungue Mathayo sura ya 6. Leo sikuja na hubiri la kupendeza. Nimekuja kulipa deni.

Deni lenyewe ni hili. Siku zilizopita, katika kipindi hikihiki, niliwasimulia habari za George Müller, yule mtumishi wa Mungu aliyewalea mayatima katika mji wa Bristol, Uingereza, bila kumwomba mwanadamu hata senti moja. Niliwaeleza jinsi alivyopiga magoti asubuhi ghala likiwa tupu, na jioni watoto wakalala wameshiba. Nikamaliza kwa kusema kwamba Mungu hajamwacha na njaa mtu yeyote amwombaye kwa imani. Wengi mliniandikia kunishukuru, nami nikafurahi.

Lakini barua moja haikuwa ya shukrani. Ilitoka kwa mama mmoja mzee wa kaskazini mwa nchi yetu, aliyeandikiwa na mjukuu wake wa kike. Alinieleza jinsi mvua ilivyokosa kunyesha msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa mwaka 2020. Mbuzi wakafa, ng'ombe wakafa, na katika mwaka 2022 akamzika mjukuu wake wa kiume, mtoto mdogo. Ndipo akauliza: "Mwanangu mchungaji, sisi tuliomba. Tuliomba usiku na mchana. Umesema Mungu huwalisha ndege. Je, mtoto huyu alipungukiwa na nini, hata ndege wakampita?"

Ndugu zangu, niliisoma barua hiyo mara tatu. Nilitaka kumjibu kwa aya za Biblia, lakini kila aya niliyoishika ilikuwa kama jiwe mkononi. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi nilikuwa nimehubiri juu ya njaa baada ya kunywa chai. Basi nikarudi kwenye vitabu, nikazisoma upya habari za Müller na za miaka aliyoishi. Nikagundua kwamba niliwasimulia nusu tu. Leo nataka kuwapa nusu ya pili.

NYUMBA YA BRISTOL

Kwanza niseme kwamba yale niliyowaambia juu ya kazi ya Müller ni kweli, wala siyafuti. Alizaliwa Prussia, katika nchi ya Ujerumani ya leo, mwaka 1805. Ujanani alikuwa mlevi na mwizi. Hata fedha za baba yake aliziiba. Bwana alipomgeuza, akageuka kweli. Alifika Uingereza mwaka 1829, na mwaka 1832 akahamia Bristol. Mwezi wa Aprili mwaka 1836 alifungua nyumba ya kukodi katika mtaa wa Wilson Street, akawapokea mayatima wa kwanza. Kazi ikakua. Mwaka 1849 aliwahamisha watoto kwenye jengo jipya huko Ashley Down, lenye nafasi ya watoto 300, na kufikia mwaka 1870 majengo yalikuwa matano, yenye nafasi ya watoto zaidi ya 2,000. Alifariki mwaka 1898 akiwa na umri wa miaka 92.

Lakini Müller alikuwa pia mtu wa hesabu. Kila kilichotolewa, kikubwa kwa kidogo, alikiandika na kukichapisha. Ukizisoma hesabu hizo huoni mkate ukianguka kutoka mawinguni. Unaona watu. Huyu ametoa pauni nyingi, yule ametoa senti chache za jasho lake. Mwaka 1838, fedha zilipokwisha kabisa, watumishi wa nyumba ile walikutana kuomba, kisha wakatoa katika mifuko yao wenyewe vichache walivyokuwa navyo. Müller alisema Mungu ndiye aliyetoa, nami naamini alisema kweli. Lakini Mungu alipotoa, palikuwa na mkono wa mtu uliofunguka.

Sasa sikilizeni jambo hili. Mwezi wa Mei mwaka 1847 Müller aliandika kwamba tangu aanze kazi yake hajaona chakula kuwa ghali namna ile. Mkate ulikuwa karibu mara mbili ya bei ya mwaka mmoja na nusu uliotangulia. Unga wa oti ulikuwa karibu mara tatu, mchele zaidi ya mara mbili, na viazi, chakula cha maskini, havikununulika kabisa. Hata hivyo watoto wa Wilson Street walikula.

Kwa nini viazi havikununulika? Hapo ndipo mimi niliponyamaza siku ile, na hapo ndipo iliponipasa kuendelea.

NG'AMBO YA BAHARI

Magharibi ya Uingereza, ng'ambo ya bahari isiyo pana, kiko kisiwa cha Ireland. Wakati ule kilitawaliwa na serikali ya London. Watu walipohesabiwa mwaka 1841 walipita milioni 8. Maskini wengi waliishi katika vipande vya ardhi walivyokodi kwa mabwana wenye mashamba. Nafaka waliyopanda na nguruwe waliyemfuga vilikuwa vya kulipia kodi. Chakula chao wenyewe kilikuwa viazi: asubuhi viazi, mchana viazi, jioni viazi. Ndiyo sababu hata hapa kwetu, katika Kiingereza cha kilimo, viazi hivi huitwa kwa jina la nchi hiyo, ingawa asili yake ni Amerika ya Kusini.

Mwezi wa Septemba mwaka 1845 majani ya viazi yalianza kugeuka meusi, na viazi vikaoza ardhini na ghalani kwa harufu mbaya. Mwaka 1846 ugonjwa ulirudi ukaharibu karibu mavuno yote. Siku hizi tunajua kwamba ulikuwa ni kimelea kidogo kisichoonekana kwa macho, kinachochukuliwa na upepo na unyevu, nacho kilivuka bahari kutoka Amerika. Wakulima wa Nyandarua na Meru wanakijua hata leo; ndicho wanachokipigia dawa mvua inapozidi na baridi inapoingia. Lakini wakati ule dawa haikuwako. Kasisi mmoja wa Uingereza, Miles Joseph Berkeley, aliyapima majani hayo kwa hadubini yake, na mwaka 1846 akaandika kwamba kiini cha ugonjwa ni kuvu. Wataalamu wengi hawakumkubali.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Robert Peel, aliagiza mahindi kutoka Marekani kwa siri mwishoni mwa mwaka 1845. Yalikuwa mahindi ya manjano. Watu wa Ireland hawakuyajua, hawakuwa na mashine za kuyasaga vizuri, na mengine yaliwaumiza tumbo. Wakayapa jina la dharau, wakayafananisha na kiberiti, yaani salfa, kwa rangi yake. Lakini yalisaidia.

Niliposoma habari ya mahindi ya manjano nilikiweka kitabu chini. Maana mimi nilikuwa mtoto mwaka 1984, mvua ndefu zilipokosekana hapa Kenya. Wenye umri wangu mnakumbuka ule ugali wa manjano, jinsi tulivyoukunjia uso. Mama yangu aliuweka mezani, akatufumbisha macho, akamshukuru Mungu kwa riziki. Sikujua wakati ule kwamba mtu fulani ofisini aliona mapema kwamba ghala litapungua, akaagiza mahindi kabla watu hawajaanza kuanguka, na kwamba meli ilivuka bahari mpaka Mombasa. Mwaka huohuo jirani zetu wa Ethiopia walikufa kwa maelfu mengi. Je, mama yangu alimwomba Mungu kuliko mama wa Ethiopia? Hasha. Sisi mahindi yalitufikia.

WALIOSEMA NI MKONO WA MUNGU

Turudi Ireland. Katikati ya mwaka 1846 serikali ya Peel iliondoka. Waliomfuata waliamini kwamba serikali isiingilie biashara ya chakula, kwamba soko lenyewe litawalisha watu. Basi wenye njaa wakapewa kazi ya kuvunja mawe na kutengeneza barabara kwa ujira usiotosha kununulia unga. Kufikia mwezi wa Machi mwaka 1847 watu zaidi ya 700,000 walikuwa katika kazi hizo, wengine wakianguka na nyundo mikononi. Na wakati huohuo meli zilizopakia nafaka, siagi na mifugo ziliendelea kung'oa nanga katika bandari za Ireland kwenda kuuza Uingereza, kwa sababu huko ndiko fedha zilikokuwa. Bristol ilikuwa moja ya bandari zilizopokea shehena hizo. Ndiyo, ndugu, Bristol ileile.

Katika mwaka 1847 meli nyingi zilileta pia mahindi kutoka Marekani, hata nafaka iliyoingia Ireland ikazidi iliyotoka. Lakini maskini aliyepoteza viazi vyake hana fedha. Anaweza kukiona chakula kikipita barabarani, akafa kando ya barabara hiyo.

Kisha likatendeka jambo jema. Serikali ilikubali kufungua vyungu vya supu. Mwezi wa Julai mwaka 1847 watu zaidi ya milioni 3 walikuwa wakipewa chakula kila siku. Milioni tatu! Bila simu za mkononi, bila malori, wakati reli zilikuwa chache mno. Hivyo ilionekana wazi kwamba wenye njaa waliweza kulishwa. Lakini kufikia vuli ya mwaka ule vyungu vilifungwa kwa agizo, na mzigo ukatupwa juu ya nyumba za maskini zilizoendeshwa kwa kodi ya wilaya zilezile zilizofilisika. Tena sheria iliwekwa kwamba mtu mwenye zaidi ya robo ekari asipate msaada mpaka aiache ardhi yake. Mtu alichagua kati ya shamba lake na mlo wake.

Mkuu wa fedha za msaada huko London alikuwa Charles Trevelyan, mtu mchapa kazi na mshika dini. Mwaka 1848 alichapisha kitabu juu ya njaa ile, akafundisha kwamba katika msiba huo umeonekana mkono wa maongozi ya Mungu, aliyekusudia kuirekebisha nchi iliyopotoka. Mwaka huohuo alipewa heshima na Malkia. Na mwaka huohuo ugonjwa wa viazi ulirudi kwa nguvu.

Ndugu msikilizaji, hapa naomba tutulie kidogo. Müller alisema "Mungu hutoa", kisha akapiga magoti, na watu wakafungua mifuko. Trevelyan alisema "Mungu ameamuru", na vyungu vilikuwa vimekwisha kufungwa. Wote wawili walilitaja jina la Mungu mmoja. Lakini mmoja alilitaja jina hilo kwa kujitwika mzigo wa mtoto wa mwingine, na mwingine alilitaja kwa kuutua mzigo huo. Nami nikajiuliza, siku ile nilipowaambia kwamba Mungu hamwachi na njaa amwombaye, nilikuwa upande gani? Maana maneno yangu, yalipofika kaskazini, hayakumpa yule mama hata kibaba cha unga. Yalimwambia tu kwamba kosa ni la maombi yake.

Watu waliohesabiwa Ireland mwaka 1851 walikuwa kama milioni 6 na nusu. Watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi yake katika miaka ile, na zaidi ya milioni moja wakaikimbia nchi. Katika kisiwa cha Grosse Île huko Kanada, mwaka 1847 peke yake, walizikwa zaidi ya 5,000 waliotoka melini wakiwa na homa. Watu hao hawakuwa makafiri. Walikuwa Wakristo. Walisali rozari, waliimba zaburi, walizikwa na msalaba, na wengine walizikwa bila hata jeneza. Asije mtu akaniambia kwamba hawakuomba.

MIKONO ILIYOFUNGUKA

Hata hivyo si mikono yote iliyofungwa. Mwezi wa Novemba mwaka 1846 Marafiki wa Dublin waliunda kamati ya msaada. Hawa ni wa imani moja na wale waliofika Kaimosi kutoka Marekani mwaka 1902. Marafiki wa Ireland walikuwa watu wachache tu, maelfu kama matatu, lakini walizunguka vijijini na vyungu vya supu, wakagawa mbegu na nguo. Wako watu wa makanisa mengine waliotoa supu kwa masharti kwamba mlaji aache dini yake, na fedheha hiyo haijasahauliwa Ireland mpaka leo. Marafiki hawakumwuliza mtu dini yake. Mwaka 1849, wakiwa wamechoka, waliiambia serikali wazi kwamba kazi iliyobaki imezidi uwezo wa hisani. Ni serikali tu inayoweza kuibeba.

Katika pwani ya kusini-magharibi, mahali paitwapo Schull, alikuwako kasisi wa Kianglikana jina lake Robert Traill. Zamani alikuwa mkali sana kwa Wakatoliki wa parokia yake. Lakini njaa ilipoingia aliwatafutia chakula, akaingia katika vibanda vyao. Mwezi wa Februari mwaka 1847 mchoraji wa gazeti moja la London alimchora ameketi ndani ya kibanda, kando ya mtu anayekufa. Mwezi wa Aprili Traill mwenyewe alikufa kwa homa ileile iliyowaua watu wake.

Basi mpimeni Traill na Müller. Wote wawili walikuwa wachungaji, wote wawili waliomba, wote wawili waliwalisha wenye njaa katika mwaka mmoja. Mmoja akaishi miaka 92. Mwingine akafa katikati ya kazi. Kama maombi yangekuwa fedha ya kununulia uhai, tungeweza kusema mmoja alilipa zaidi. Lakini maombi si fedha, na Mungu si mwenye duka. Marafiki wa Ayubu walijaribu kupiga hesabu hiyo, na mwisho wa kitabu Bwana aliwakasirikia wao, wala si Ayubu aliyelia na kuuliza.

Mkono mwingine ulifunguka mbali sana. Mwezi wa Machi mwaka 1847 watu wa kabila la Choctaw, wenyeji wa asili wa Amerika, walikutana wakachanga dola 170, wakazipeleka Ireland. Miaka kumi na sita tu kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa imeanza kuwafukuza katika nchi ya baba zao, na maelfu wakafa njiani kwa baridi, njaa na maradhi. Hao hawakuhitaji kuhubiriwa juu ya njaa. Waliijua. Mwaka 2017 ukumbusho wao ulizinduliwa katika mji wa Midleton, Ireland: manyoya makubwa ya chuma yaliyosimama kwa duara, mfano wa bakuli. Na mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipowapiga Wanavajo na Wahopi huko Marekani, watu wengi wa Ireland walituma fedha, wakisema wanalipa wema wa Wachoctaw. Hivyo mkate uliotolewa mwaka 1847 ulikuwa bado unatembea miaka 173 baadaye.

BARUA ILIYOLETWA NA EPAFRODITO

Sasa tufungue Wafilipi sura ya 4. Mstari wa 19 tunaupenda sana. Umeandikwa ukutani katika nyumba nyingi. Hapo Paulo anaahidi kwamba Mungu atawajaza Wafilipi kila wanachohitaji. Lakini ni wangapi wanaosoma mstari wa 18 ulio juu yake? Paulo yuko kifungoni. Anawaandikia Wafilipi kuwashukuru kwa vitu walivyomletea kwa mkono wa Epafrodito. Na ukisoma sura ya pili utaona kwamba Epafrodito, katika utumishi huo, aliugua karibu kufa. Ahadi ile kubwa ya riziki imeandikwa ndani ya barua ya shukrani kwa mchango wa kanisa. Nyuma ya ahadi yuko mtu aliyebeba mzigo njiani.

Tazameni tena Matendo sura ya 11. Nabii Agabo alitabiri njaa kubwa. Kanisa la Antiokia halikukaa kujadili ni dhambi ya nani iliyoleta njaa hiyo. Wala halikusema, tungoje tuone mapenzi ya Mungu. Kila mtu alitoa kadiri ya uwezo wake, nao wakapeleka msaada Uyahudi kwa mikono ya Barnaba na Sauli.

Na katika Mathayo 6, Bwana wetu alipotufundisha kuomba riziki, hakutufundisha kusema "yangu". Alitufundisha kusema "yetu". Mtoto wa yule mama yumo ndani ya neno hilo. Mayatima wa Bristol walikuwamo, na watoto wa Schull walikuwamo. Kila ninapoisema sala hiyo ninaomba mkate wa mtu nisiyemjua, na huenda mkate huo Mungu amekwisha kuuweka katika kabati langu. Tena alipomaliza kusema habari za ndege na maua, Bwana alituagiza tuutafute kwanza ufalme na haki. Kiswahili chetu kimebarikiwa hapo, maana neno haki lina maana mbili: usafi wa moyo mbele za Mungu, na pia kila mtu kupata kilicho chake. Ahadi ya ndege imefungwa pamoja na agizo la haki, wala mimi sina ruhusa ya kuzitenga.

Je, hayo yamejibu swali lote? Hapana. Nikisema yamejibu nitakuwa nimefanya deni jingine. Mikono ya watu ilifunga vyungu, lakini si mikono ya watu iliyoumba ule ugonjwa wa viazi. Si yule mama aliyezuia mvua. Kwa nini Mungu aliruhusu upepo uchukue uozo ule mpaka shamba la maskini? Sijui. Ninachojua ni kwamba Mwana wa Mungu mwenyewe aliona njaa jangwani, na msalabani alilia akiuliza kwa nini ameachwa. Swali la yule mama limo kinywani mwa Yesu. Kwa hiyo si swali la uasi. Tusimnyamazishe mtu anayeliuliza, maana tutakuwa tunamnyamazisha Bwana.

Nilimwandikia mama yule. Sikumpa aya. Nilimwomba msamaha kwa maneno niliyoyasema. Nilimwambia kwamba mjukuu wake hakupungukiwa na kitu mbele za Mungu, na kwamba ndege hawakumpita. Nilimwambia kwamba kati yake na mkate uliokuwako duniani walisimama watu, na mimi ni mmoja wao, kwa kuwa katika mwaka ule kanisa letu lilipochanga, mimi nilitoa kile kilichobaki mfukoni, sikutoa kilichohitajiwa. Alinijibu kwa mistari miwili. Alisema amenisamehe, na kwamba bado anauliza. Nami bado nauliza pamoja naye.

Basi, wapenzi, juma hili nawapa kazi ndogo. Kabla hamjaisema sala ya Bwana, fikirini ni jiko gani kijijini kwenu, au chumba gani katika ploti yenu, ambalo jana halikuwashwa. Msipige mbio kusema "nitakuombea". Yakobo aliwaonya wanaomwambia mwenye njaa aende kwa amani akashibe bila kumpa kitu. Pigeni hodi kwanza. Ombeni mkiwa na kibaba mkononi. Na wale mlio na kazi serikalini, mnaoandika hesabu za maghala na za mvua, jueni kwamba kalamu yenu ni sehemu ya sala ya Bwana. Huenda mama fulani anayefumba macho mbele ya sufuria hatawajua kamwe. Atamshukuru Mungu, naye atakuwa hakukosea.

Na tuombe. Ee Baba wa wote, umeusikia mlio wa watoto kuliko sisi tulivyousikia. Utusamehe tulipolitumia jina lako kufunika uchoyo wetu. Uwakumbuke waliokufa wakikuita, wa Ireland na wa kwetu, na uwape wanaoomboleza ujasiri wa kukuuliza bila hofu. Ufungue mikono yetu kabla hujatusikia tukikushukuru. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.